Kichwa Kinachouma Wiki Mbili: Tuzijue Kuvu Zinazoingia Mwilini

(Haya ni maneno yaliyosomwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kitengela, Isinya na Kajiado. Vikundi vingi viliomba nakala, kwa hivyo tumeyachapa kama yalivyosomwa.)



Tulipopewa nafasi hii tuliombwa tuzungumze juu ya mashilingi ya watoto, kwa maana akina mama wengi wamelalamika kwamba watoto wanarudi kutoka shule na vichwa vimejaa madoa. Mashilingi tutayazungumzia. Lakini tumeona si vizuri tuishie hapo. Mashilingi huletwa na kuvu, na kuvu ina ndugu zake ambao hawaishii kwenye ngozi. Wako wanaoingia kwenye mapafu, na wako wanaofika mpaka kwenye ubongo. Hao ndio wametuchukulia watu, tena watu wazima wenye familia, na wengi wao hawakupaswa kufa.

Kuvu ni nini? Kila mama hapa anaijua, ila pengine hajaiita kwa jina hilo. Mkate ukikaa siku kadhaa kwenye karatasi yake unaota unyoya wa kijani. Hiyo ni kuvu. Uyoga unaochipuka karibu na kichuguu baada ya mvua ni kuvu. Hamira tunayotia kwenye mandazi ni kuvu pia, na hiyo ni rafiki yetu. Kazi kubwa ya kuvu ni kula vitu vilivyokufa: majani makavu, kuni zilizooza, samadi. Bila kuvu na wenzake samadi ya ng'ombe wetu isingegeuka mbolea, ingelala tu pale zizini.

Kuvu huzaana kwa mbegu ndogo mno ambazo jicho haliwezi kuziona. Mbegu hizo ziko kwenye udongo, kwenye nyasi kavu, kwenye mavi ya ndege, na upepo unazichukua. Lori likipita kwenye barabara ya vumbi huko Isinya, ninyi mnaona vumbi, lakini ndani yake mna mbegu za kuvu. Kila mmoja wetu anavuta mamia ya mbegu hizo kwa siku moja. Sasa mtu atauliza, mbona basi hatuugui sote?

Hatuugui kwa sababu mwili una boma lake. Ngozi nzima ni ua wa kwanza. Ndani ya damu mna chembe nyeupe, ambazo ni kama askari: zikiona kitu kigeni zinakimeza. Na kuna kinga nyingine ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia, nayo ni joto la mwili wetu. Kuvu nyingi zimezoea ubaridi wa udongo, na zikikutana na digrii 37 za mwili haziwezi kukua. Mwaka 2009 wanasayansi wawili, Vincent Robert na Arturo Casadevall, walichunguza aina elfu kadhaa za kuvu. Waliona kwamba kuanzia digrii 30 kwenda juu, kila digrii moja inayoongezeka inazishinda kama 6 kati ya kila 100. Ndiyo maana, ingawa aina za kuvu duniani zinakadiriwa kupita milioni moja, zile zinazojulikana kumuumiza mwanadamu ni mia chache tu.

Kwa hivyo mtu anaugua kuvu ikiwa ua umevunjika, au ikiwa askari wa ndani wamepungua, au ikiwa kuvu yenyewe ni ile ya ukaidi inayostahimili joto. Tushike hilo, halafu twende mlango kwa mlango.

Mlango wa kwanza ni ngozi, na hapa ndipo mashilingi yalipo. Wengine wanayaita mapunye, wengine choa. Kuvu hii haihitaji kuingia ndani, inakula ile sehemu ngumu ya juu ya ngozi, nywele na kucha. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule za msingi huko Kibera, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2009, ulikuta kama watoto 11 kati ya kila 100 wana kuvu ya ngozi au ya kichwa. Huenea kwa wembe mmoja kunyoa watoto watano, kwa kitana, kwa kofia, kwa kulala kichwa kwa kichwa. Mashine ya kinyozi pia inaieneza kama haisafishwi kwa dawa, na hapa Kitengela vinyozi wako kila kona.

Lakini sisi wafugaji tuna njia nyingine. Ndama wana mashilingi yao, yale madoa makavu ya kijivu kuzunguka macho na shingo, na kuvu hiyo inahamia kwa watu. Nyumba ambayo ndama wadogo wanalala ndani pamoja na watoto, au kijana anayekumbatia ndama kila jioni akamtenge na mama yake, hapo kuna mlango wazi. Hatusemi mtoto asiguse ndama, mtu hawezi kulea mtoto wa Kimaasai namna hiyo. Tunasema ndama mwenye madoa alale peke yake mpaka apone, na anayemshika anawe kwa sabuni.

Juu ya dawa, sikilizeni vizuri. Doa likiwa kwenye ngozi ya mkono au tumbo, dawa ya kupaka inaweza kutosha. Likiwa kichwani, dawa ya kupaka peke yake haimalizi, kwa sababu kuvu imeshashuka kwenye shina la unywele mahali ambapo mafuta hayafiki. Mtoto anahitaji vidonge, na vidonge hivyo vinamezwa kwa wiki kadhaa, mara nyingi sita hadi nane. Mama akiona nywele zimeanza kuota akaacha, ugonjwa unarudi. Na kuna krimu fulani zinazouzwa madukani, zimechanganywa dawa nyingi pamoja, ambazo ndani yake mna dawa ya kutuliza uvimbe. Muwasho unaisha siku ya pili na mama anafurahi. Kumbe dawa ile imewalaza askari wa ngozi na kuvu inaendelea kuenea chini kwa chini. Mafuta ya taa na maji ya betri hatuna haja ya kuyasema, yanaunguza mtoto.

Mlango wa pili ni mwiba. Hii inawahusu wanaochunga. Katika nchi kavu zenye miti ya miiba, kuanzia Sudan kuja huku kwetu, kuna ugonjwa unaoitwa maisetoma. Mwiba unachoma mguu, unaingiza udongo wenye kuvu, kidonda kinapona, na mtu anasahau. Baada ya miezi au miaka mguu unavimba polepole, unatoboka vijitundu, na katika usaha wake zinatoka punje ndogo, nyeusi au nyeupe au za manjano. Punje nyeusi ni za kuvu. Nyingine huweza kuwa za bakteria, na dawa yake ni tofauti, ndiyo maana lazima zipimwe. Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauumi. Mtu anatembea nao miaka mitano kwa sababu hauumi, na anapofika hospitali mfupa umeshaliwa na mguu unakatwa. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2016 tu, jambo linaloonyesha ulivyosahauliwa kweli. Hatusemi umejaa Kajiado. Tunasema uvimbe wa mguu usiouma uonyeshwe daktari ukiwa bado saizi ya punje ya harage.

Jicho nalo ni hivyo hivyo. Jani la hindi au kijiti kikikwaruza jicho, kuvu inaweza kuota juu ya kioo cha jicho. Utafiti wa Mbarara, Uganda, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta zaidi ya nusu ya vidonda vya namna hiyo vililetwa na kuvu, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wameshatiwa dawa za kienyeji jichoni kabla ya kufika hospitali. Jicho likikwaruzwa na mmea, lisitiwe kitu. Si maziwa, si utomvu, si dawa ya jicho iliyobaki kwa jirani.

Sasa tuje kwenye mapafu, ambako mbegu zinaingia na pumzi. Hapa tuwataje ndugu zetu waliougua TB. TB ikipona inaweza kuacha shimo kwenye pafu, na shimo hilo ni kama nyumba tupu. Kuna kuvu iitwayo aspagilasi ambayo hupenda kuhamia humo. Mtu alimaliza dawa zake zote za TB, akapewa barua ya kupona, halafu baada ya mwaka anakohoa tena, anakonda, anatema damu. Kila mtu anasema TB imerudi. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuata watu waliopona TB ya mapafu, na ripoti yao ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kama watu 5 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa huu wa aspagilasi. Kwa hivyo ukiwa na ndugu kama huyo, na makohozi yakipimwa hayana TB, msikubali aanzishiwe dawa za TB mara ya pili na ya tatu bila kuuliza: je, inaweza kuwa kuvu? Muulizeni daktari kwa heshima, lakini muulizeni.

Watoto wachanga waliozaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi nao wana kuvu yao ya mapafu, inayowaua upesi sana katika miezi ya mwanzo. Ile dawa ya septrini wanayopewa kliniki ndiyo inayoizuia. Mama asiidharau kwa sababu mtoto anaonekana mzima.

Tumefika kwenye lile lililotuleta. Kuna kuvu inaitwa kriptokokasi. Inaishi kwenye mavi ya njiwa, kwenye udongo na kwenye miti mikuukuu. Sote pengine tumeshaivuta. Hii ni mojawapo ya zile kaidi: joto la digrii 37 haliiogopeshi, na imejivika koti zito la utelezi ambalo askari wa mwili wanashindwa kulishika. Hata wakiimeza, yenyewe haifi. Inakaa ndani ya askari yule yule, na wakati mwingine inasafiri ndani yake kama mwizi aliyepanda gari la polisi, mpaka inavuka na kuingia kwenye ubongo. Mtu mwenye nguvu za mwili, askari wake wanaizingira na kuifungia pafuni miaka na miaka. Lakini kwa mtu ambaye virusi vya Ukimwi vimemaliza askari wake, ua unaanguka. Hapo inaleta homa ya uti wa mgongo.

Mwaka 2016 wataalamu, miongoni mwao Dkt. Christine Bii wa taasisi yetu ya utafiti KEMRI, walichapisha makisio ya magonjwa ya kuvu nchini Kenya. Walikisia kwamba kama watu 7 kati ya kila 100 wanapata ugonjwa wa kuvu kila mwaka. Wengi wao ni watoto wenye mashilingi na akina mama wenye muwasho wa ukeni unaorudi rudi. Lakini homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi peke yake waliikisia kufikia watu karibu 12,000 kwa mwaka. Kwa dunia nzima, makisio ya mwaka 2020 ni watu 152,000 wenye virusi walioipata, na 112,000 walikufa. Wengi wao ni wa Afrika. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya kuvu za hatari mwezi Oktoba 2022, kuvu 19 kwa jumla, kriptokokasi iliwekwa katika kundi la juu kabisa.

Inaanzaje? Inaanza kwa kichwa kuuma. Hakuna zaidi. Kichwa kinauma leo, kesho, wiki hii, wiki ijayo. Si maumivu ya ghafla kama ya homa nyingine ya uti wa mgongo inayoua kwa siku moja. Hii inakuja polepole, na hapo ndipo inapotudanganya. Baadaye kuna homa ndogo, kutapika, kuona vitu viwili viwili, masikio kuvuma, na mwisho mtu anaanza kusema maneno yasiyoeleweka.

Kuna familia moja upande wa Kajiado iliyoturuhusu tuwasimulie, bila majina. Baba alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Wiki ya kwanza alinunua dawa za maumivu dukani. Wiki ya pili akatibiwa malaria bila kupimwa. Wiki ya tatu akaambiwa ni taifodi, akachomwa sindano. Wiki ya nne alianza kugombana na watu ambao hawapo, na wazee wakasema ama ni pombe ama amefanyiwa jambo. Alipofikishwa hospitali, daktari alitaka kutoa maji kidogo kwenye uti wa mgongo yapimwe. Mjomba wake akakataa, akasema wale wanaotolewa maji hawainuki tena. Walibishana siku mbili. Walipokubali, macho yalikuwa yameshakwenda. Alifariki siku ya tano. Ndipo mama akasema jambo ambalo hakuna mtu kikundini alilijua: mumewe alikuwa akitumia dawa za virusi, lakini alipohama na mifugo wakati wa ukame aliziacha, na aliporudi aliona haya kurudi kliniki akagombezwe.

Tuzungumze juu ya hayo maji ya mgongo, kwa sababu hofu hii tumeikuta kila mahali, Kitengela mjini na huko ndani pia. Wengi wanasema ukitolewa maji utapooza au utakufa. Tunaielewa hofu hiyo, kwa maana kweli watu wameonekana wakifa baada ya kutolewa maji. Lakini walikuwa wakifa kwa ugonjwa, maana waliletwa mwisho. Sindano inaingia chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, kwa hivyo haiugusi. Tena kwa ugonjwa huu, kutoa maji ni matibabu, si kupima tu. Kuvu ikijaa inaziba njia za maji ya ubongo, na maji yanajaa ndani ya fuvu kama mtungi uliozibwa. Presha hiyo ndiyo inayoumiza kichwa na kuharibu macho. Daktari akiyapunguza, mgonjwa wengine tumewaona wakiomba chai siku hiyo hiyo. Na huenda yatolewe mara kadhaa. Yule mjomba hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mpwa wake, na hakuna mtu aliyekuwa amemweleza mapema.

Jambo jingine la kuwatuliza ni hili: ugonjwa huu hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Mke anaweza kumlisha mumewe, watoto wanaweza kukaa kitandani pake. Hakuna sababu ya kumtenga.

Habari njema zipo, na nyingi zimetoka hapa hapa Afrika Mashariki. Kwanza, kuvu hii inaweza kugunduliwa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Huko Entebbe, Uganda, watafiti waliowafuata watu wenye virusi walionyesha mwaka 2002 kwamba alama ya kuvu ilionekana kwenye damu kwa kawaida siku kama 22 kabla ya dalili. Siku 22! Hiyo ni nafasi ya kumwokoa mtu. Siku hizi kuna kipimo cha karatasi, kama kile cha mimba, kinachotumia tone la damu na kutoa jibu kwa dakika kumi. Mtu ambaye chembe zake za CD4 ziko chini ya 200 anapaswa kufanyiwa kipimo hicho. Akionekana ana kuvu lakini haijafika kichwani, anapewa vidonge vya flukonazoli na anaendelea na shughuli zake. Kwa hivyo yeyote anayeanza dawa za virusi, au anayerudi baada ya kuziacha, aulize kliniki: CD4 yangu ni ngapi, na je, nimepimwa kriptokokasi?

Pili, matibabu yamefupishwa. Zamani mgonjwa alilazwa na kutiwa dripu ya amfoterisini kila siku, wiki moja au mbili, na dawa hiyo iliumiza figo na kumaliza damu. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa nchi tano, Uganda ikiwa mojawapo, uliofanywa kwa watu zaidi ya 800. Kundi moja lilipewa dripu moja tu ya amfoterisini ya aina mpya, nyingi kwa mara moja, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili. Kundi hilo halikufanya vibaya kuliko wale wa dripu za kila siku, na madhara ya dawa yalikuwa machache. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza njia hiyo. Kwa mtu ambaye ameacha ng'ombe na watoto nyumbani, tofauti ya dripu moja na dripu saba si ndogo.

Lakini tusidanganyane. Hata katika utafiti ule, pamoja na dawa bora na madaktari wa kutosha, kama watu 25 kati ya kila 100 waliopata dripu moja walikuwa wamefariki ndani ya wiki kumi. Dawa haimfufui aliyechelewa.

Na hapa kuna mtego ambao lazima tuueleze. Mtu aliyeacha dawa za virusi, kichwa kikianza kuuma, anaweza kuona aibu na kuanza tena vidonge kimyakimya, vyake vya zamani au vya kuazima. Asifanye hivyo. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba wagonjwa wa homa hii walioanzishiwa dawa za virusi mapema mno walikufa zaidi kuliko waliotibiwa kuvu kwanza na kusubiri kama wiki tano. Askari wakirudi ghafla wakati adui amejaa kichwani, vita vinapiganiwa ndani ya ubongo. Mtu huyo aende kliniki, aseme wazi kwamba aliziacha, na kwamba kichwa kinauma. Daktari ndiye atakayepanga kipi kitangulie. Na wale wahudumu wachache wanaowagombeza watu waliorudi, nao pia wanachangia vifo hivi. Tumeshawaambia ana kwa ana, na tutarudia.

Sasa jambo la vikundi. Tumepitia vitabu vya hesabu vya vikundi kadhaa, kwa ruhusa. Karibu vyote vina safu ya mazishi: turubai, chakula cha wageni, gari la kuleta mwili. Ni jambo jema na hatulipingi. Lakini safu ya kumfikisha mtu hospitali akiwa hai haipo. Mtu akitaka nauli ya kutoka ndani mpaka Kajiado mjini, inabidi akope, na akopapo lazima aeleze anaumwa nini mbele ya watu ishirini. Ndiyo maana anakaa kimya.

Ombi letu ni kwamba kila kikundi kitenge kiasi kidogo, hata cha pikipiki tu, cha kumpeleka mwanachama au mtu wa nyumba yake ambaye kichwa kimemuuma zaidi ya wiki moja na dawa za dukani hazikusaidia. Apewe bila kuulizwa ana ugonjwa gani. Mweka hazina aandike "nauli", basi. Kikundi kimoja cha akina mama cha Kitengela kimeshaanza, na walichagua wawili wa kushika fedha hizo, mmoja mzee na mmoja kijana, ili kila mtu awe na wa kumwendea. Sisi tuliona ni akili nzuri.

Kabla hatujamaliza, mwanachama mmoja alituuliza kama kuvu ya mahindi ndiyo hii hii. La. Kuvu ya mahindi haioti ndani yetu. Inatia sumu kwenye punje, iitwayo aflatoksini, na sumu ndiyo inayoua ini. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya jirani waliugua watu 317 wakafa 125. Kuchemsha hakuiondoi. Mahindi yakaushwe vizuri, yasihifadhiwe sakafuni, na yaliyoota kuvu yasiliwe. Jambo hili ni pana, tutaliletea siku yake.

Mwingine akauliza, kama kriptokokasi inakaa kwenye mavi ya njiwa, je, njiwa wa watoto wauawe? Hapana. Njiwa wabaki. Ila banda lisifagiliwe likiwa kavu, likatimua vumbi. Linyunyiziwe maji kwanza, anayesafisha afunge pua kwa kitambaa, na lisijengwe chini ya dirisha la chumba cha kulala. Na ikiwa nyumbani kuna mtu ambaye nguvu za mwili zimepungua, kazi hiyo ifanywe na mwingine.